Chura Aliyetazama Juu

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mansfield, Texas, nikitafuta mbao za rafu, pale fundi wa mashine alipopitisha msumeno kwenye ubao wa mwerezi. Harufu ikanifikia. Nikasimama na kitoroli changu katikati ya njia, watu wakinipita kulia na kushoto, moyo ukinidunda kama wa mtu aliyeshikwa akiiba. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuna kitu mle dukani nilichokuwa nakiogopa. Nilikuwa namwogopa mama yangu, ambaye ana mwaka wa pili sasa kaburini, na nilikuwa nimerudi kuwa na umri wa miaka kumi.

Jikoni kwetu Grand Prairie, juu ya jiko, palikuwa na ubao wa mwerezi. Kila Mama aliposonga ugali mvuke ulipanda ukaupasha moto, na ile harufu ikashuka ikachanganyika na ya unga, kiasi kwamba mpaka leo sijui kuzitenganisha. Urefu wake ulikuwa kama mkono wangu wa wakati huo, kuanzia kiwikoni hadi ncha ya kidole. Ulitundikwa kwa ulalo. Ndani yake zilichongwa picha tatu, kila moja kama mraba uliolainishwa pembe, zimefuatana kama mabehewa ya treni. Kwenye ya kwanza kulikuwa na mstari na nukta mbili pembeni mwa uso wa ajabu. Ya kati ilikuwa kichwa cha mnyama mwenye mdomo mpana na viduara vitatu shavuni. Ya tatu ilikuwa vitu vidogo vilivyobanana, sikujua ni nini.

"Ni pambo tu," Mama alisema nilipouliza. "Tomasa alinipa."

Tomasa nilimjua kwa jina na kwa sauti ya simu. Alikuwa Mmaya wa Guatemala. Yeye na Mama walifanya kazi pamoja Houston, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kabla Mama hajamaliza masomo ya unesi na kabla Baba hajapata kazi ya ghala huku kwetu. Mimi nilizaliwa Houston nikahamishwa nikiwa bado nabebwa. Tangu siku hiyo Mama hakurudi. Kukiwa na harusi Houston, au msiba, au kongamano la kanisa, Baba aliendesha gari peke yake saa nne kwenda na saa nne kurudi, na Mama akasema ana zamu. Mimi nilikuwa mtoto wa daftari, wa kuandika nani kasema nini na saa ngapi. Ratiba ya Mama ilibandikwa kwenye friji. Mara mbili niliikagua, na mara mbili hakuwa na zamu.

Niseme na hili, ili msomaji asishangae. Mama alikuwa Mjaluo, Baba Mtaita, na Kiswahili ndicho kilichowaoza. Mimi, mtoto wao wa pekee, niliwajibu kwa Kiingereza kama watoto wote wa kanisani kwetu. Maneno yangu humu nimeyageuza.

Kiangazi kile wazazi wote wawili walikuwa na saa nyingi za kazi, kwa hiyo niliandikishwa kwenye masomo ya watoto ya maktaba, alasiri tatu kwa wiki. Wenzangu walichagua roboti. Nafasi za roboti zilikuwa zimejaa, nikatiwa kwenye maandishi ya Wamaya wa kale. Mwalimu alikuwa mama mrefu mstaafu, mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani, na alifundisha kwa kadi kubwa za boksi alizozichora mwenyewe.

"Hawa watu hawakuanza na nani," alituambia siku ya kwanza. "Walianza na lini. Kisha nini kilitokea. Mwenyewe anakuja mwisho."

Niliandika vile kwenye daftari na kupiga mstari chini. Lini, nini, nani. Nilihisi nimekutana na watu wangu.

Siku ya tatu alinyanyua kadi yenye kichwa cha chura. Mdomo mpana, kona yake imejikunja, viduara vitatu shavuni. "Huyu akitazama mbele yake hivi," alisema, "ni hesabu tu. Siku ishirini zimepita. Sasa angalieni." Akaizungusha kadi polepole mpaka mdomo wa chura ukaelekea dari. "Akitazama juu si hesabu tena. Ni kitendo. Alizaliwa."

Mvulana mmoja akauliza kama chura anakunywa mvua. Tulicheka. Mwalimu naye alicheka, akasema huenda, hakuna anayejua kwa hakika. Yeye binafsi alidhani ni kwa sababu mtoto hutangulia kwa kichwa, mdomo wazi, akitafuta hewa. "Mkimwona baada ya tarehe, amelala chali hivi," alisema, "jueni kuna mtu amefika duniani, na jina lake linafuata."

Mimi sikuwa nacheka tena. Chura yule nilimfahamu. Nilikuwa nimekula chakula changu chote cha jioni mbele yake tangu nianze kula.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa amelala akisubiri zamu ya usiku, Mama bado kazini. Nilivuta kigoda, nikapanda, nikautazama ubao kwa karibu kwa mara ya kwanza. Kwa jinsi ulivyotundikwa, chura alikuwa akitazama mbele. Lakini ile nambari, yaani mstari na nukta mbili za picha ya kwanza, ambayo kwenye kadi za mwalimu ilikaa juu ya uso au kushoto kwake, hapa ilikuwa imeangukia upande usio wake, na uso wenyewe ulikuwa umelala ubavu. Picha ya tatu nayo ilikuwa imelala. Nikapapasa kingo. Kwenye ukingo mfupi palikuwa na matundu mawili ya zamani, meusi, na bado yana nyuzi za kamba iliyokatwa. Kwenye ukingo mrefu palikuwa na misumari miwili inayong'aa na kipande cha waya, waya ule ule tuliokuwa nao kwenye droo ya Baba. Aliyeuchonga alitaka usimame. Mtu mwingine aliulaza.

Maskini Mama, niliwaza. Miaka yote hii ameutundika vibaya na hakuna aliyemwambia.

Nikatoa kamba kwenye kiatu changu cha michezo, nikaipitisha kwenye matundu ya zamani, nikautundika ubao wima. Chura akatazama dari. Nikaunakili wote kwenye daftari, picha kwa picha, kisha nikakaa mezani kusubiri kusifiwa.

Mama aliingia na sare zake za bluu, akaweka mkoba, akafungua bomba, akanawa mikono mpaka viwikoni kama manesi wanavyonawa. Aligeuka kuchukua sufuria. Hapo ndipo alipouona. Sikuwahi kumwona mtu mzima akisimama vile. Hakushtuka kwa kuruka. Alishtuka kwa kuacha kila kitu, hata kupumua, na bomba nyuma yake likaendelea kumwaga maji.

"Nani amemwinua?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Mimi, Mama. Ulikuwa umelala upande. Huyu chura anasema alizaliwa. Ni mimi?"

Aliushusha ubao kwa mikono yenye maji, akaufunga kwenye taulo ya jikoni, akaukumbatia kifuani, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mimi nilifunga bomba. Jioni ile hakukupikwa. Baba alikula mkate na chai akiwa amesimama, akaniuliza nimefanya nini, nikamwambia nimetundika pambo vizuri. Alitazama ukuta mtupu, kisha akatazama mlango wa chumbani, na akaenda kazini. Ningepigwa ningeelewa. Kutopigwa kuliniogopesha.

Wiki iliyofuata mwalimu alitugawia karatasi ya silabi. Nilikaa pembeni na daftari langu, nikalinganisha picha ya tatu alama kwa alama. Ya kwanza a. Ya pili ki. Ya tatu ni. Akini. Nikairudia mdomoni mpaka ikajinyoosha yenyewe kuwa jina nililokuwa nikilisikia kila Jumapili kanisani: Akinyi, msichana aliyezaliwa asubuhi. Mimi sikuitwa Akinyi. Niliitwa Mercy shuleni na Awiti nyumbani, na nilizaliwa mchana. Baba alipenda kusimulia kwamba nilimkosesha chakula cha mchana. Ile nambari, mstari mmoja na nukta mbili, ilikuwa saba, na tarehe yangu haina saba. Mwalimu aliponieleza kwamba hesabu ile si ya kalenda yetu, sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshapata nilichokihitaji. Kwenye ukuta wetu, juu ya chakula chetu, alizaliwa mtoto mwingine.

Jumapili hiyo, watu wakinywa chai ukumbini, nilimfuata Anti Rose. Alikuwa nesi kama Mama, Mjaluo kama Mama, na hakuna swali alilowahi kulikataa.

"Anti, Awiti maana yake nini?"

"Kwani mama yako hajakwambia?" Akacheka, akanipiga begani. "Awiti ni wa kutupwa, mama. Walikutupa, wenzio wakakuokota. Sasa niletee sukari."

Nilimletea sukari. Wazazi wote wa Kenya huwatania watoto wao kwamba waliwaokota jalalani. Nilikuwa nimeusikia utani huo mara mia na kuucheka. Sasa nilikaa ndani ya gari la Baba, milango imefungwa, joto la Texas likinichoma mapaja kwenye kiti, nikaandika ripoti. Mama alizaa msichana, Akinyi. Akinyi hayupo. Mama haendi Houston. Jina langu ni la mtu aliyetupwa na kuokotwa. Kwa hiyo mimi si wa Mama; niliokotwa kuziba pengo. Nilipiga mstari kwa rula chini ya sentensi ya mwisho. Nimeisoma tena ripoti ile nikiwa mkubwa, na kila mstari wake ni sahihi, isipokuwa huo nilioupigia rula.

Nilimuuliza Mama siku iliyofuata, akichambua maharage mezani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Sikuwa nimejiandaa kwa alichofanya.

"Akinyi ni nani?"

Mkono wake uliacha maharage ukaja kwenye paji la uso wangu. Akanishika shingo chini ya masikio, kushoto na kulia. Akanivuta kope la chini akatazama rangi ya jicho. Akanigeuza viganja.

"Unaumwa? Unasikia baridi? Kifua kinauma?"

"Siumwi, Mama. Nimeuliza Akinyi ni nani."

"Usiseme," alisema. "Usilitaje tena. Kunywa maji."

Kwa siku tatu alinifuata kila chumba. Alileta godoro la wageni akalilaza karibu na kitanda changu, na kila nilipoamka mkono wake ulikuwa juu ya mbavu zangu, unapima. Aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nilisikia Baba akimwambia kwenye korido, "Mwambie mtoto basi."

"Siwezi. Unajua siwezi."

"Sijui. Hujawahi kuniambia kwa nini huwezi. Mimi nilizika na wewe, lakini hilo lingine mmelifanya wewe na Tomasa, mimi mmenifanya mgeni."

Jumamosi alfajiri Mama alisimama mlangoni kwangu na funguo za gari. "Vaa viatu vya kufunga," alisema. "Tunaenda Houston."

Nilielewa mara moja. Ananirudisha.

Nikafungasha begi la shule wakati akipasha gari moto: nguo ya kulalia, daftari, mswaki, na cheti changu cha kusoma vizuri, nikidhani huko ninakopelekwa watataka kujua. Mama aliendesha kwa mikono yote miwili, bila redio. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na taulo ya jikoni iliyofunga kitu kirefu. Tulisimama kituo cha mafuta katikati ya njia. Mama, ambaye hakuwahi kuninunulia kitu kituoni kwa sababu "nyumbani kuna juisi", aliniambia nichague ninachotaka. Nikachagua viazi vya kukaanga, na chokoleti, na kinywaji cha rangi ya bluu, nikimtazama kila mara kama atakataa. Alilipia vyote. Hapo tumaini la mwisho likaniishia. Watu huwa wakarimu namna hiyo kwa mtu wanayeachana naye.

Tomasa aliishi ghorofa ya pili, kwenye majengo ya kupanga ya kusini-magharibi mwa Houston yenye ngazi za chuma kwa nje. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomchora kichwani, nywele zimesukwa na utepe mwekundu, mikono ina unga wa mahindi. Hakumsalimia Mama kwanza. Alinishika uso kwa mikono yake miwili yenye unga, akanitazama jicho hili, akanitazama jicho hili.

"Wangu," alisema, kwa kile Kiingereza cha kazini ambacho yeye na Mama walikuwa wamejitengenezea. "Huyu wangu. Amekua."

Nikamgeukia Mama akane. Mama alitazama sakafu, akatikisa kichwa kukubali.

Machozi yalianza kunitoka, lakini nilikuwa mtoto wa utaratibu. Nilifungua begi, nikatoa nguo ya kulalia, nikaiweka juu ya kochi, na mswaki juu yake.

"Hii ya nini?" Tomasa akauliza.

"Ya kulalia. Kwa sababu nabaki."

Wanawake wale wawili walitazamana. Mama akatafuta kiti kwa mkono, asikipate, akaketi sakafuni na viatu vyake. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika hivyo. Kama aliyefunguliwa mlango akakuta kumbe nyumba yote ilikuwa inaungua nyuma yake.

"Anadhani namwacha," alisema. "Tomasa, anadhani nimemleta kumwacha. Mwambie, comadre. Mwambie yote. Mimi mdomo wangu hauruhusiwi." Comadre, yaani mama mwenza wa mtoto kwa Kihispania, ndivyo walivyoitana.

Tomasa akaniketisha. Akafungua taulo, akauegemeza ubao ukutani, wima, na Mama akafumba macho.

"Kaka yangu ndiye aliyechonga," Tomasa alisema. "Huko kwetu kuna watu wamekaa chini wakajifunza upya maandishi ya babu zetu, na yeye ni mmoja wao. Nilimpigia simu nikamwambia rafiki yangu Mwafrika amepata mtoto wa kike, asubuhi. Akachonga usiku na mchana. Siku. Alizaliwa. Akinyi. Posta ikachelewa. Ubao ulipofika, mtoto tulikuwa tumeshamzika. Moyo wake ulikuwa na tundu. Siku kumi na moja."

Alisema mama yangu hakuweza kuutupa ule ubao na hakuweza kuutazama. Ndipo Tomasa akamwonyesha: ukiulaza, chura anatazama mbele, na hapo hasemi kitu, anahesabu siku tu. Mama akakata kamba, akapiga misumari yake.

"Kisha ukaja wewe," Tomasa akasema. "Na nyanya yako akapiga simu kutoka Siaya."

Nyanya alisema mambo yanayojulikana kwao. Mwanamke aliyepoteza mtoto asimpakate anayefuata kana kwamba ni wake. Amtupe. Amweke palipo na taka, aondoke, na mwanamke mwingine apite amwokote, aseme ni wangu. Kifo kikija kuuliza mtoto wa yule mama, kitaambiwa hana. Na aliyetupa asilisimulie jambo hilo kamwe, wala asimtaje aliyekufa, wala asifike kaburini kwake. Mwenye mdomo ni aliyeokota.

"Mama yako alikuwa anasomea unesi," Tomasa alisema. "Alinilia hapa, akasema ni upuuzi. Kisha akaniuliza kesho yake natoka zamu saa ngapi."

Wakafanya pale chini, kwenye maegesho. Tomasa alinipeleka dirishani akanionyesha: lile pipa kubwa la chuma la takataka, na kando yake uzio. Ulikuwa wakati wa mapambazuko, Baba yuko kazini. Mama alinifunga blanketi safi, akanilaza ndani ya boksi la ndizi karibu na pipa, akazunguka kona ya jengo. Tomasa akaanza kushuka ngazi, taratibu, kama mpita njia. Kabla hajafika chini, jirani mmoja akatokea na mbwa wake. Mwanamke wa Kimarekani, nguo za mazoezi. Mbwa akavuta kamba kuelekea boksi. Mwanamke akainama, akaona, akapiga ukelele, akatoa simu.

"Nilimwona mama yako kule kona," Tomasa alisema. "Alikuwa ameuma mkono wake mwenyewe. Akitoka, ni mama aliyetupa mtoto kwenye taka. Polisi. Mtoto anachukuliwa, shule ya unesi imekwisha, makaratasi yamekwisha. Asipotoka, polisi wanakuja vilevile. Nikakimbia. Nikasema, bibi, weka simu, huyu wangu. Akaniuliza, wako? Yuko kwenye takataka. Nikamwambia natupa boksi moja moja, nimemweka chini mara moja, mikono yangu miwili tu, wangu huyu, wangu. Nikakunyanyua, ukaanza kulia, nikakuweka begani, ukanyamaza. Alipokuona unanyamaza akaamini. Akanikaripia mpaka mbwa akachoka. Nilisema wangu mara ngapi sijui. Mbele ya shahidi. Nyanya yako aliposikia alisema hata Siaya haijafanywa vizuri hivyo."

Nilitazama pipa lile. Utani wa wazazi wote wa Kenya ulikuwa umesimama pale chini kwenye jua, wa chuma, una magurudumu.

"Kwa hiyo mama yangu ni nani?" nikauliza.

"Aliyekuzaa huyo hapo sakafuni. Mimi nilikuokota tu nikamwazima."

Nikamgeukia Mama. Sikujua kama nina hasira au nini. "Wewe ni nesi, Mama. Uliambiwa ni moyo una tundu. Uliamini kweli kwamba ukinitupa ndiyo nitaishi?"

Mama alifungua macho. "Sikuamini," alisema. "Lakini sikuwa na mtoto mwingine wa kujaribia kutoamini."

Tomasa alitupikia, hakuna aliyekula vizuri. Kisha akavaa kofia ya jua, akasema, "Miaka kumi namtembelea peke yangu, comadre. Leo twende." Mama akasema hapana. Tomasa akasema makaburi yako dakika kumi na tano, na kwamba mimi ningeenda kama mtoto wake, si wa Mama, hakuna wa kuuliza. Hilo Mama alilifikiria kwa muda mrefu. Mwishowe akachukua funguo.

Ilikuwa sehemu ya watoto, nyasi fupi, vibao vya mawe vilivyolazwa chini sawa na ardhi. Mama aliegesha nje ya geti akashuka, akasimama pale pale, ncha za viatu vyake zikigusa reli ya geti.

"Shika mkono wa Tomasa," aliniambia. "Usiuachie."

Tukaenda. Jiwe lilikuwa dogo kuliko daftari langu. Liliandikwa Mtoto, kwa Kiingereza, na jina la Baba la ukoo. Jina langu. Nilikuwa nimeliona jina lile kwenye vitabu vyangu vya shule, kwenye bahasha, kwenye sare ya Baba, na sasa lilikuwa kwenye jiwe kwenye nyasi.

"Awiti," Mama akaita kutoka getini. "Mwambie nimekuja."

Nilitazama jiwe. Sikuwahi kuongea na mtu aliyekufa, na huyu hata sikujua kama nimwite dada mkubwa au mtoto mchanga. Nikageuka.

"Nimwambie kwa lugha gani?"

"Yoyote," Mama alisema. "Alikaa siku kumi na moja. Hakujifunza hata moja."

Akaweka mkono mdomoni. Alikuwa amemtaja yule kwa mdomo wake mwenyewe, mchana, mbele yangu. Alinitazama nilivyosimama. Alitazama kifua changu, kama alivyokuwa akikitazama zile siku tatu, akisubiri. Nilikuwa napumua. Gari lilipita barabarani. Nilikuwa bado napumua. Akatazama mguu wake kana kwamba si wake, akauinua, akauvusha reli.

Tomasa akauachia mkono wangu.